Mtaa wa Arobaini na Moja

Siku ya Jumatano, mwezi kumi na mbili Rajabu, saa tano u nusu asubuhi, katika mji wa Zahirabadi uliotawaliwa na Sultani Nasibu bin Harithi, Idarusi mwana wa waziri alivishwa pete ya maji, na jini Dahamushi, aliyefungwa na pete hiyo kuutumikia mji, akapanda kutoka birika la kasri kama moshi wa ubani, akasema, "Labeka, bwana wangu. Nitajie mitaa yangu na visima vyake. Nitakachotajiwa nitakijaza maji, na nisichotajiwa kabla ya adhuhuri kitajaa mchanga."

Idarusi akakunjua hati ya dhahabu, akasoma mitaa arobaini, na kando ya nguzo Ruzuna binti Sharifu, msichana wa miaka kumi na tisa, akamfuata herufi kwa herufi, kwa kuwa hati ile aliinakili yeye, akailinganisha na ya zamani ya babu yake Sultani mara tatu, na alasiri hiyo angefanywa katibu wa kasri.

"Nimesikia arobaini," jini akasema. "Marehemu aliyekutangulia alinitajia arobaini na moja, mmoja nje ya hati."

Langoni mtu akapiga kelele. "Ngozini! Mmetuacha Ngozini!" Alikuwa Bi Mwanakheri, muosha matumbo wa machinjioni, amezuiwa kwa mikuki miwili.

"Hati hii ni ya babu yake Sultani," waziri akanguruma, "na asemaye ina kasoro amemtukana Sultani. Mtaa huo haupo!"

"Haupo? Na ile supu ya utumbo uliyokunywa asubuhi, waziri, utumbo wake ulioshwa mbinguni?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Muadhini alikwisha kuanza kupanda ngazi za mnara.

Ruzuna akaitazama hati mkononi mwa Idarusi. Hati aliilinganisha na hati. Mji wenyewe hakuutazama.

"Idarusi, utaje," akanong'ona.

"Baba aninyonge? Utaje wewe, bibi msomi." Idarusi akaivua pete, akamnyooshea kwa kebehi. "Ila aivaaye hutumikia visima miaka saba. Ukatibu uusahau."

Ruzuna akaitazama pete, kisha akageukia langoni. "Mama, vipo visima vingapi?"

"Vitatu, mwanangu. Fanya haraka!"

Akaivaa. "Dahamushi, mtaa wa arobaini na moja ni Ngozini. Visima vitatu."

"Umewahi kukanyaga huko?"

Alitamani kusema ndiyo. "Sijawahi. Sikujua hata kama upo. Kesho alfajiri nitafika, na mingine yote nitaitembea mmoja mmoja."

Kule juu muadhini akakohoa kusafisha koo.

"Nimesikia," jini akasema, akazama birikani, na adhana ikalia.

Sultani akainuka. "Binti, umesema hati ya babu yangu ina kasoro."

"Ndiyo, mtukufu."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, mtukufu, kwani maji ni yao."

Sultani akasema, "Ukatibu hutaupata. Hati utaiandika upya, na usiniletee mpaka uwe umeitembea mitaa yote."

Alfajiri Ruzuna akavuka machinjio ameshika pindo la nguo, na kwenye kisima cha kwanza akamkuta Idarusi, kamba begani, hathubutu kumtazama usoni.

"Baba hajui kama nimekuja. Nibebe nini?"

"Shika ncha hii ya kamba."

Wakapima cha kwanza, cha pili na cha tatu, na vyote vilikuwa na maji. Nyuma ya nyumba za mwisho wakakuta wanawake wameketi na ndoo tupu wamezunguka kisima cha nne, kimejaa mchanga mpaka ukingoni.

Ruzuna akamgeukia Bi Mwanakheri, aliyekuwa amewafuata kutoka machinjioni. "Uliniambia vitatu."

Mama yule akainamisha kichwa. "Hawa ni wageni, mwanangu. Wamehamia juzijuzi tu. Huwa hatuwahesabu."

Ruzuna akauliza jina la kisima, akaliandika, akavua viatu, akaomba jembe, akaanza kuchimba, Idarusi akitega ndoo ukingoni kupokea mchanga.