Salamu za Kaa kwa Sultani

Hapo zamani, zama za kuku kufichwa uvunguni, palikuwa na mji uitwao Mkadini, na sultani wake alikuwa Mwinyi Hatibu, mtu asiyekwenda hata chooni pasi na kupulizwa siwa, lile baragumu la kisultani. Siwa ikilia, kila raia sharti atoke nje ainame. Lakini nyuma ya siwa alifuata mpishi wa kasri na kapu lake, na chochote chenye manyoya au pembe alichokiona kikawa zawadi kwa Sultani, mwenyewe atake asitake. Basi watu wakazoea kutoka wao tu, mifugo ikabaki chini ya vitanda.

Shaame, fukara wa mafukara, alikuwa na mbuzi mmoja, na maziwa yake ndiyo yaliyowalisha yeye na mkewe Mize. Siku hiyo mbuzi akaiitikia siwa kwa sauti iliyowashinda raia wote. Mpishi akamchukua. Shaame akaufuata msafara mpaka pwani, akitafuta upenyo wa kumlilia Sultani.

Huko kaa walikuwa wametapakaa wakiota jua. Siwa ikalia, na kufumba na kufumbua hapana kaa. Kila mmoja yumo shimoni, ufuko mtupu. Sultani akauliza kwa hasira kama hawa nao si raia wake. Waziri, ambaye kazi yake ilikuwa kukubali, akasema mchanga ni wa Maulana, basi na waliomo ni wake. Askari wakashika majembe, Sultani akawazuia, kwani heshima ya kuvutwa mguu si heshima. Ikapigwa mbiu: "Anayejificha mchangani asichimbuliwe. Atoke mwenyewe kwa adabu."

Shaame akacheka. Kicheko kilimponyoka tu, kama mbuzi.

"Wacheka, ewe Shaame? Basi kesho kaa hawa watatoka wanisalimu. Wasipotoka, mbuzi wako ataliwa kwa pilau, nawe utaosha masufuria yake gerezani."

"Watatoka, Maulana. Lakini kaa wana adabu zao, na mgeni hufuata za mwenyeji."

Sultani akatoa neno lake kwamba atazifuata. Kumbe adabu zenyewe ni hizi: siwa ibaki kasrini, na waziri na askari vilevile, maana kaa husikia vishindo; joho na kilemba viwekwe kando, kisha Maulana afukiwe kwa mchanga wa majimaji mpaka shingoni, anyamaze. Sultani akaguna, lakini neno la sultani halirudi. Akafukiwa asubuhi yake, Shaame akiushindilia mchanga kwa viganja kama akandikaye nyumba.

Haukupita muda likachungulia jicho, limesimama juu ya kijiti chake. Kisha la pili. Kaa akatoka upande upande, akakitazama kile kichwa, akainua magando. Wenziwe wakafuata, na mmoja akapanda upara wa kisultani akatulia. Sultani akajawa na furaha; haja ya kujikuna akaimeza.

Mjini nako, kwa kuwa siwa haikulia, mifugo ikatolewa uvunguni. Mbuzi wakaletwa pwani kuogeshwa, kuku wakafuata nyuma, na Sultani, aliyedhani mji wake hauna hata jogoo, akatoa macho kuliko kaa.

"Leo siwa kimya," bikizee mmoja akamwambia mwenziwe. "Labda mpulizaji kavimba mashavu."

"Mungu amzidishie. Kuku wangu walikwisha lisahau jua."

Sultani akapiga chafya. Kaa wakazama. Kuku, mbuzi na mabikizee nao hawakuonekana tena. Kisha maji yakaanza kujaa.

"Shaame, nichimbue."

"Siwezi, Maulana. Anayejificha mchangani asichimbuliwe. Atoke mwenyewe kwa adabu."

"Sikujificha. Nimefukiwa na wewe."

"Kaa wamekudhani jiwe, mabikizee hawakukuona kabisa. Ikiwa huko si kujificha, basi mimi ni waziri."

Wimbi likamlamba ndevu. Sultani akaifuta amri.

"Na mbuzi wangu?"

"Mchukue."

"Na kapu la mpishi?"

Wimbi la pili likamwingia kinywani; jibu la kwanza likawa povu, la pili likawa, "Lichomwe moto."

Shaame akachimba. Sultani akatoka kwa kutambaa upande upande, masikio yamejaa mchanga, akautazama ule ufuko mtupu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Walitoka kweli," akasema. "Kaa, na wale wengine."

Tangu hapo siwa ikalia pasi na kapu nyuma yake, na kuku wa Mkadini wakaringa njiani mpaka wakawa kero. Kaa tu ndio hawakuiamini mbiu kwamba kapu limechomwa. Hata leo, kabla hujaukanyaga mchanga, wao wamekwisha tangulia shimoni.