Chumvi Nyeupe ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika ugali na kusengenyana kama sisi, mwenye chumvi alikuwa Tembo. Shimo la chumvi la nchi nzima lilikuwa nyuma ya ua wake. Aliyetaka kuunga mboga alibisha hodi kwake, akangoja.

Sasa sikieni. Nyati, jirani yake wa ng'ambo ya mto, akaanzisha soko: mtama, maboga, asali. Wanyama wakamiminika huko. Soko la Tembo mwenyewe, lililokuwa mbele ya ua wake, likabaki na nzi, na Kobe ambaye habari zilikuwa bado hazijamfikia.

Wivu ukamwingia Tembo. Kila kelele za soko zilipovuka mto, puu! alipiga ukuta teke. Akamwuliza mkewe, Nyati ana nini ambacho yeye hana. Mkewe akamjibu kwamba ana wateja, na jibu hilo likamchoma zaidi.

Akatoa amri. Chumvi isivuke mto. Atakayempelekea Nyati hata chembe, naye atanyimwa, yeye na wanawe, mpaka Nyati avunje soko lake na kuja kupiga magoti.

Wote wakaogopa. Mwezi haukuisha, ndama wa Nyati walikuwa wakilamba kuta, miguu imelegea. Nyati akaanza kusema atafunga soko. Tembo aliposikia, alikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu masika.

Lakini Pimbi, yule mdogo wa kwenye majabali, alikuwa akiuza mikeka soko lile. Likifungwa, na yeye kwisha. Akaenda kwa Tembo na kifurushi cha majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea Nyati, rudi ulikotoka."

"Kumwombea kwa lipi? Anapata chumvi yake sasa. Inatoka kwenye mwamba wetu."

Moyo wa Tembo ukapiga tih! Pimbi akafungua kifurushi. Kumbe ni chembechembe nyeupe pe! Chumvi ya Tembo ilikuwa ya kijivu, imejaa udongo. Yaani Nyati, na soko apate, na chumvi nzuri apate!

"Iko nyingi?"

"Ukoo mzima tunaishughulikia kila asubuhi, mzee."

"Usimpe hata chembe. Naichukua yote mimi."

Pimbi akajikuna. Akasema sawa, ila na wao wana mboga za kuunga, basi walipwe kwa ile ya kijivu, magunia kumi kwa gunia moja. Mke wa Tembo akauliza kama kuna aliyeionja hiyo nyeupe. Akaambiwa anyamaze, hayo ni mambo ya wakubwa.

Chapa, chapa, chapa, mapimbi wakabeba magunia, wakavuka mto kwa kurukia mawe, moja kwa moja hadi kwa Nyati. Ndama wakasimama. Soko likafurika.

Tembo hakujua. Akaandaa karamu ya kuringia chumvi yake, akamwalika hata Nyati, aje aumie roho. Akainyunyiza juu ya maboga kwa mkono mkarimu.

Wageni wakatafuna mara moja, wakaacha. Fisi, ambaye hula chochote, akatoka nje kutema.

"Jirani," Nyati akasema kwa upole, "sisi wa mtoni twajua kwamba Pimbi hukojoa mahali pamoja tu, juu ya mwamba, tangu enzi za babu yake. Mkojo huo ukikauka, huwa mweupe hivi."

Tembo akabaki na tonge mdomoni. "Na wewe unakula chumvi gani?"

"Yako. Magunia kumi. Ahsante sana."

Kicheko kilichoanguliwa pale kilisikika hadi ng'ambo, na tangu siku hiyo hakupatikana wa kuiogopa amri ya Tembo.

Basi wanangu, mwenye wivu akishughulika kumnyima mwenzake, hata haangalii anachokula yeye mwenyewe.