Jina Lililosubiriwa na Tumba

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, ni zamani ya juzi tu, ya santuri na redio za betri, palikuwa na mpiga tumba mjini Tabora, jina lake Mrisho. Alijifunza tumba kwenye mgahawa wa karibu na stesheni, kwa kusikiliza santuri za Kuba. Maneno ya nyimbo zile hakuelewa hata moja. Mikono yake ilielewa.

Miaka kumi na mmoja alikaa nyuma katika bendi ya Igombe Jazz. Watu walimjua mwimbaji, walimjua mpiga gitaa, yeye walimwita "yule wa nyuma." Siku moja kiongozi wa bendi, mwimbaji na wapiga gitaa wakapanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta makubwa. Wakabaki watatu: Mrisho na tumba yake, Hemedi na gitaa la besi, Kapaya na tumba ndogo.

"Basi tufunge duka," Hemedi akasema.

"Shika upande huo," Mrisho akamjibu. Wakaibeba tumba kubwa mpaka mbele ya jukwaa. Tangu siku hiyo Mrisho akaimba mwenyewe, wapiga gitaa wapya wakaja, na kiongozi akawa yeye.

Akaweka desturi yake. Kila wimbo ulipofika katikati, ala zote zilinyamaza, naye akataja jina la mtu mmoja aliyetenda wema wiki ile. "Leo ni Mama Chausiku, aliyempisha mjamzito foleni ya bombani." Kisha tumba ikaitikia, pa-pa-pa, na vigelegele vikafuata. Lilikuwa jina moja, la pili halikuongezwa. Watu wazima na ndevu zao walibeba mizigo ya vikongwe Jumamosi, ili watajwe Jumapili kwenye dansi la mchana.

Mkewe aliitwa Zaituni, lakini mji mzima ulimwita Mama Subira, na mumewe naye alimwita hivyo hivyo. Kabla ya kila dansi ni yeye aliyeipasha ngozi ya tumba kwenye jiko la mkaa mpaka ikakaza. Jina lake halikutajwa hata mara moja.

"Baba Subira," alimwambia siku moja kwa utani, "hata muuza maandazi umemtaja. Mimi nimekukosea nini?"

"Lako nimeliweka," Mrisho akasema.

Ikawa asubuhi moja mtoto wao wa pili, mchanga bado, akalia karibu kabisa na sikio la baba yake, na baba hakugeuka. Zaituni akajua, wala hakusema. Jumapili akaketi mstari wa mbele, mtoto mapajani, akambembeleza kwa mapigo ya wimbo. Mrisho akamtazama mtoto, mikono ikafuata. Watu wakasema, mwanamke huyu anapenda dansi kuliko nyumba yake.

Hemedi akajua, wala hakusema. Akavua kiatu, akawa anampigia mapigo ubavuni mwa tumba kwa kisigino. Watu wakasema, yule wa besi amelewa tena.

Kapaya akajua, naye akasema.

"Kaka, husikii. Jana umeumaliza wimbo sisi tuko katikati."

Mrisho akamzaba kofi mbele ya watu. Siku nne hawakusemeshana. Siku ya tano Kapaya alikuta kiti chake kimesogezwa, kimegusana na cha Mrisho. Samahani haikutoka. Kapaya akakaa. Tangu hapo, kila Mrisho alipoteleza, tumba ndogo ilimdaka. Ikaja barua ya bendi kubwa ya Dar ikimwita Kapaya, naye akaitumia kuwashia jiko la Zaituni.

Hivyo watu watatu wakawa masikio ya mtu mmoja.

Mwaka wa tatu redio ikawaita kurekodi wimbo wao wa kwanza, utolewe santuri. Mlangoni mwa studio Zaituni akaambiwa watoto hawaingii. Akabaki kwenye benchi nje ya mlango, mtoto mgongoni.

Wimbo ukafika katikati. Ala zikanyamaza. Mrisho akainamia tumba yake, akataja jina. Lakini mtu asiyejisikia hajui kama sauti imetoka. Haikutoka. Hemedi alikuwa anatazama kisigino chake. Kapaya alikuwa amefumba macho, anahesabu. Midomo ile hakuna aliyeiona. Tumba ikaitikia, pa-pa-pa, wimbo ukaisha.

"Turudie?" fundi mitambo akauliza. "Katikati kuna pengo."

Hemedi akamtazama Mrisho, jinsi uso ulivyokuwa unang'aa. Akatikisa kichwa. "Mwache. Amefurahi."

Mrisho akatoka, akamshika mkewe bega. "Nimelitaja," akasema.

"La nani?" Zaituni akamuuliza kwa mdomo na kwa mkono.

Mrisho akacheka. "Si utalisikia redioni."

Nani angemwambia kwamba jina halikusikika? Kapaya aliwahi kumwambia ukweli, naye siku hiyo akajipapasa shavu tu. Wote wakanyamaza. Kabla masika hayajaisha, homa ikamchukua Mrisho.

Siku ya arobaini, baada ya hitima, fundi mitambo akaja na mashine yake ya kanda. Santuri ilikuwa inakwenda kutengenezwa. "Pengo lile tunaweza kulitia jina," akasema. "Nipeni moja."

Wakakaa uani.

Hemedi akasema, "Shemeji, usinione mroho. Miaka mitatu kisigino changu kilikuwa saa yake, na leo nachechemea. Siku ya studio mtoto alizuiwa mlangoni. Aliyempitisha wimbo ule ni mimi."

Kapaya akasema, "Ninyi mlimpa mapigo. Mimi nilimpa ukweli, nikalipwa kofi. Alinipiga mbele za watu, na mbele za watu hajaniomba radhi. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yake."

"Na barua ya Dar uliichoma," Hemedi akasema taratibu. "Hatujasahau."

Zaituni alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. "Mimi aliniambia lako nimeliweka."

"Ule si ulikuwa utani wa nyumbani, shemeji?" Hemedi akauliza.

"Ulikuwa utani," akasema. "Lakini tangu mama yangu afe, hakuna aliyeniita Zaituni. Nilitaka nilisikie kinywani mwake mara moja."

Wanaume wakainamisha vichwa. "Basi tutie lako," Kapaya akasema.

"La kutiliwa na nyie silitaki. Nataka alilolitaja yeye. Na tungeweza kumuuliza. Tulikaa naye miezi miwili, watu watatu, hatukumuuliza."

Fundi mitambo akawasha kanda. Ala zikanyamaza. Ndani ya kimya kile wakasikia kisigino kikigonga ubao wa tumba, polepole. Wakasikia pumzi ya mtu anayehesabu. Na kwa mbali, nyuma ya mlango, mtoto akikohoa na mama yake akimwambia, nyamaza, baba anafanya kazi. Kisha tumba, pa-pa-pa.

Zaituni akamwomba airudishe. Akairudisha mara tatu. Fundi akatoa kalamu na karatasi, akasubiri.

Haya, ninyi mlionisikiliza. Kapaya, Hemedi au Zaituni? Au kile kimya kiachwe kama kilivyo? Fundi bado ameshika kalamu. Je, aandike nini?