Kiraka Chekundu cha Mbaruku

Hapo zamani, besiboli ilipokuwa ikichezwa kwa mshahara katika mashamba ya mkonge ya Kwamdoe, nahodha wa timu alijulikana kwa kiraka chekundu kilichoshonwa kwenye jezi yake, upande wa moyo. Aliyekishona alikuwa mke au mama wa nahodha aliyemtangulia, si mtu mwingine. Kikishashonwa, hakifumuliwi mpaka mwenyewe aache kucheza au afe.

Nahodha Mbaruku akafariki bila kumtaja mrithi. Mkewe Sikudhani alipomaliza eda, meneja wa timu alimletea jezi tatu.

"Shemeji, wachezaji wametoa majina matatu, hawaafikiani. Mechi ni alasiri hii. Usipochagua, wenye shamba watatuletea nahodha wa kutoka nje, mtu asiyemjua hata mmoja wetu."

Sikudhani akafumua kiraka kwenye jezi ya marehemu, uzi baada ya uzi, kisha akawaita wenye jezi ndani.

Wa kwanza kusema alikuwa Chamshama, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kumwelekeza mrushaji kwa vidole.

"Shemeji, mwaka mzima nahodha alipokuwa kitandani, nani aliwapanga uwanjani? Nani aliwatoa vitandani kwenda mazoezini? Ni mimi."

"Kwa amri ya nani?" Hoza, mdogo wao, akamchokoza. "Kutwa nahodha amesema, nahodha amesema. Mpaka kamba za viatu, nahodha alisema tuzifunge vipi."

Wakacheka. Sikudhani hakucheka. Ni yeye aliyekuwa akimlisha mumewe kwa kijiko, na tangu siku ya kiharusi Mbaruku hakutamka hata neno moja. Amri zote zilikuwa za Chamshama mwenyewe. Lakini angezitoa kwa jina lake, nani angemtii? Timu ingesambaratika. Sikudhani alilijua hilo na alinyamaza, kwa sababu alipopita karibu na uwanja alipenda kusikia kwamba mumewe bado anaongoza.

Akafuata Nyangasa, mkubwa wao kwa umri.

"Mimi meneja alitaka nishonewe kiraka hiki Mbaruku akiwa mgonjwa. Nikakikataa. Akarudi tena, nikakataa tena. Mwenyewe yu hai, nimvue jezi kitandani?"

"Na sisi ukatuacha mabubu," Chamshama akasema. "Anayeruhusiwa kubishana na mwamuzi ni nahodha peke yake. Tulidhulumiwa mchana kweupe, tukabaki kutazamana."

"Najua, ndugu yangu. Iliniuma kuliko nyie. Lakini ungekuwa wewe umelala pale, ungependa kuona nafasi yako imejazwa?"

Sikudhani akainamisha kichwa. Jezi ile ilikuwa imetundikwa ukutani mbele ya kitanda, na kila asubuhi macho ya Mbaruku yalikwenda hapo kwanza.

Akabaki Hoza.

"Sema na wewe," Sikudhani akamwambia.

"Sina la kudai, shemeji. Mimi ndiye niliyewapa wenzetu kombe."

Kila mtu Kwamdoe aliijua habari hiyo. Katika fainali, mkimbiaji wa wapinzani alikuwa anaingia kituo cha mwisho kupata pointi ya ushindi, na Hoza, mwenye mpira mkononi, akajirusha kumgusa, maana anayeguswa kwa mpira kabla ya kufika hutolewa. Mwamuzi akamtoa yule mkimbiaji. Kombe lilikuwa lao. Hoza akavua kofia, akamwambia mwamuzi, "Sikumgusa." Kombe likaenda kwingine.

"Mwanangu alilia wiki nzima kwa ajili yako," Nyangasa akasema, ila sauti yake haikuwa na ukali.

"Nilipoanza kucheza nilidanganya mazoezini," Hoza akajibu. "Mbaruku akaniweka benchi mpaka nikamwomba radhi niliyemdanganya. Ningesema nini tena siku ile?"

Meneja akakohoa mlangoni. Watu walikuwa wameshajaa uwanjani.

Sikudhani akatunga uzi kwenye sindano. Mmoja alisema uongo, na timu ikasimama imara. Mmoja alimlindia mgonjwa jezi yake, na timu ikakosa msemaji. Mmoja alisema kweli aliyofundishwa na Mbaruku, na timu ikapoteza kombe. Jezi tatu zilikuwa mapajani mwake, kiraka ni kimoja, na akishashona hakuna kufumua.

Haya, nyinyi mliosikiliza, msimwachie mjane peke yake. Je, nani alistahili kushonewa?