Fulana Arobaini Nyeusi

Nguo haikatai wino, mkono ndio ukataao.

Mmeisikia kwa mama yenu, sasa mnataka asili yake. Mmefika penyewe! Mji huu hakuna ajuaye chanzo cha methali kunishinda mimi. Kasoro yangu moja tu: nyingi huzitunga papo hapo. Hii sikuitunga. Hii nilikuwepo.

Methali hii ilianza hivi. Wakubwa wa soko walitaka kutuondoa sisi wanawake wa mboga kwenye vizimba vyetu. Mkutano wa kukata shauri ulikuwa kesho yake, na kusema tulishakatazwa. Tukaambiana, kama hawatusikii, watatusoma. Tukapeleka fulana nyeusi arobaini kwa Fundi Mbaruku, mchapaji, aziandike kwa wino mweupe: HATUTOKI.

Fundi akabandika karatasi iliyokatwa herufi chini ya fremu iliyowambwa wavu, akailaza juu ya fulana. Wavu wenyewe ulikuwa laini, matundu huyaoni. Akamwaga wino, akausukuma kwa raba ngumu, akainua. Maandishi yakawa kama jivu lililopulizwa.

"Mnaona, mama zangu? Nguo nyeusi hukataa cheupe. Rudini nyumbani."

Mwanaidi, muuza unga wa kizimba jirani, akautazama ule wavu kwenye mwanga. "Fundi, nimechekecha unga miaka ishirini. Hili chekeche la ngano, nawe unalipitishia uji mzito! Lete wavu wa matundu makubwa, na raba laini inayoacha wino mwingi."

"Sina, dada. Wavu ninao huu mmoja, wallahi."

"Basi hatutoki." Mwanaidi akapanda akaketi juu ya meza yake ya kazi. Sote tukaketi. Mimi nilikalia wino, wala sikuinuka. Vita ni vita.

Mara mgambo wa soko akachungulia mlangoni. "Fundi, fulana zetu nyeusi zimekauka?"

"Fulana zipi?" Fundi akamkonyeza. "Hujaniletea fulana wewe."

"Ala! Si hizi hapa?" Mgambo akavuta pazia la nyuma. Zilining'inia kumi, nyeusi tii, MGAMBO WA SOKO kwa weupe mzito kama ugali. Chini yake fremu ya matundu makubwa, na raba laini bado inadondosha wino.

Kesho yake hatukupewa nafasi ya kusema, na hakuna aliyeshindwa kutusoma hata kutoka ng'ambo ya barabara. Mchicha wangu nauza palepale hadi leo.

Lakini siku ile, Mwanaidi alipoibeba ile fremu kuja mezani, Fundi alijaribu tena. "Aa, hiyo... hiyo si yangu. Mgambo walikuja na wavu wao."

"Nani, mimi?" mgambo akashangaa. "Mimi nilileta fulana tu. Wewe ndiwe uliyesema nyavu unazo nyingi, nichague!"

Mwanaidi akakunja mikono ya gauni, akashika raba.

"Sogea, kaka. Nguo haikatai wino, mkono ndio ukataao."