Tangi la Kaka Mbaruku

"Mwani haung'oki kwa mkono unaoulisha." Ndivyo baba yenu alivyomwambia jirani asubuhi hii, yule anayewatukana paka huku akiwamwagia utumbo wa samaki mlangoni kwake. Nyie mkacheka, kisha mkaja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Basi mmeuliza panapostahili. Kaeni, na wewe Zamda weka hiyo simu chini, maana mimi sirudii maneno. Neno hilo lilizaliwa Ngamiani, sebuleni kwa kaka yangu Mbaruku, na mimi nilikuwepo.

Kaka yangu alikuwa fundi vioo. Zamani zile palikuwa na wataalamu wa bahari waliokuwa na nyumba yao ufukweni, wakamwita awazibie matangi ya samaki yaliyokuwa yakivuja. Kazi ikaisha, mwenyewe akarudi na wazimu. Akanunua vioo vya duka lililokuwa likibomolewa, akaviunga, akapata tangi refu kama kitanda cha mtoto. Akaliweka sebuleni, mahali pa kabati la vyombo. Mkewe, wifi yangu Salha, alinuna kwa ajili ya kabati lake, kisha akazoea, kisha akalipenda tangi kuliko mwenye kulitengeneza.

Maji yalikuwa ya bahari kweli, yakiletwa kwa madumu juu ya mkokoteni, na pampu ndogo ikinguruma kutwa kucha. Ndani waliishi samaki wachache wadogo, na kangaja mmoja, samaki bapa ambaye kazi aliyoumbiwa ni kula mwani. Lakini roho ya kaka yangu ilikuwa kwenye tumbawe. Sisemi yale mawe ya kujengea nyumba, yale yamekwisha kufa. Hili lilikuwa hai. Alilipata likiwa kipande kidogo kilichovunjwa na nanga, akalilea mpaka likatoa matawi, na kila tawi likatoa vidole laini vilivyokuwa vikicheza majini. Jioni kaka akirudi kazini alivuta kigoda chake, Salha akaleta kahawa, wakakaa wakilitazama bila kusemezana. Hawakujaaliwa mtoto. Mimi nilikuwa nikiwatania kwamba wenzao wanazaa watu, wao wamezaa jiwe, na ni mimi tu niliyeruhusiwa utani huo.

Kaka aliwalisha samaki wake kwa ncha ya vidole. Dagaa waliosagwa, kutoka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, chembe tu, basi. Samaki walimfuata kwenye kioo wakiomba, naye aliwacheka tu.

Akaugua homa, na homa ikamchukua. Hata leo siipendi habari hiyo, kwa hiyo nitaipita.

Salha akakaa eda. Mjane wa eda hatoki nje, hilo mnalijua, basi alikaa palepale sebuleni, na wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kumliwaza. Mbele yao lilikuwapo tangi la marehemu, na mkebe wa dagaa juu ya kifuniko. Kila aliyeingia alichota kidogo akatia. Samaki wa marehemu wasishinde na njaa, walisema, na thawabu zimfikie huko aliko. Kinara wao alikuwa Bi Mwanamvua, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye moyo mweupe na mkono usiojua kufumba. Yeye dagaa hakuwahesabu kuwa chakula. Alivunja andazi zima akalitia majini, akisema kutoa ni moyo. Na Salha naye, kila akimkumbuka mumewe, aliinuka akawalisha. Alimkumbuka mara nyingi.

Mwani ukaingia. Ulianza kama ukungu wa kijani kwenye kioo, ukageuka nywele, nywele zikafunika mawe na kupanda juu ya tumbawe. Vile vidole vikaacha kutoka. Kisha tawi moja likawa jeupe kabisa, nikajua limekufa. Salha naye akaliona.

"Wifi," aliniambia, "huyu nimeshamzika mara moja. Sitaki kumzika tena."

Tukaanza vita. Kila asubuhi Salha alikunja mikono ya gauni, akasugua vioo kwa brashi, akang'oa mwani kwa viganja mpaka ndoo ikajaa. Tukaagiza madumu mapya ya maji ya bahari, tukabadilisha. Kesho yake nywele ziko palepale, tena zimenona. Mdogo wetu Jaha akashauri tutie dawa ya kufulia. Nikamuuliza anataka kuwaponya samaki au kuwafua. Mwingine akasema tangi limwagwe, vioo viuzwe, mjane apumzike. Salha alizidi kuinama tu juu ya tangi. Chumvi ilimpasua vidole mpaka akawa anashika kikombe kwa viganja.

Asubuhi moja sebule ilikuwa imejaa wageni. Salha alikuwa ametia mkono majini mpaka kiwiko, akang'oa fundo zima la mwani, akalitupa ndooni, akajifuta kwa kanga. Papo hapo mkono uleule ukaenda kwenye mkebe. Wala hakuutazama, ulikwenda wenyewe. Nyuma yake Bi Mwanamvua alikuwa tayari ameshavunja andazi. Nikamdaka Salha kifundo cha mkono.

"Wifi, mkono huu si ndio ulioung'oa sasa hivi?"

"Wana njaa," akasema.

"Hebu mtazame kangaja. Ana njaa huyo?"

Kangaja alikuwa amejibanza pembeni, tumbo limetuna, makombo yanampita puani wala hayajali. Yalishuka yakatua kwenye mchanga, na pale yalipotua ndipo mwani ulipokuwa mnene kuliko popote. Nikamwonyesha kwa kidole. Mwenye kazi ya kuula mwani ameshiba maandazi ya msiba, na anayoyabakiza ndiyo yanayouotesha.

Salha alitazama, akatazama tena. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Nisipowalisha, Mwajabu, nitamfanyia nini tena?"

Nikauachia mkono wake.

Akafunga mkebe, akanipa. Akasema niende nao kwangu, na hata akinililia nisimrudishie. Kisha akamgeukia jirani yake.

"Mama, niwie radhi. Hilo andazi lirudishe kwenye sinia."

Wageni wakaanza kunong'ona. Mjane anakataa sadaka ya mumewe? Bi Mwanamvua, aliyelelewa kwa kuambiwa mkono mtupu haulambwi, siku ile mkono wake ulikataliwa ukiwa umejaa. Alijitanda kanga yake akatoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Tukabaki wawili, na pampu inanguruma.

Salha alikaa mikono mapajani. Ilikuwa haina cha kufanya. Ndipo alipolia. Tangu mazishi nilikuwa sijaliona chozi lake, nikamsifu kwa subira, kumbe haikuwa subira. Alilia mpaka adhuhuri, nami nikakaa naye nisimnyamazishe.

Baada ya hapo mimi nilileta chembe za dagaa kwenye pindo la kanga, kwa kipimo cha kaka. Salha aliendelea kung'oa. Kangaja alinuna kwanza, akazunguka kwenye kioo akiomba, na wifi yangu akawa anageuza uso asimwone. Njaa ilipomshika akaenda kwenye mawe akaanza kudonoa, kama mbuzi aliyekosa majani akakumbuka ua wa jirani. Safari hii kilichong'olewa hakikurudi kwa wingi ule. Kidogo kidogo mawe yakaonekana. Lile tawi jeupe halikupona, sitawadanganya. Lakini jioni moja, nikiwa jikoni, Salha aliniita kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu kaka hajafa. Nikakimbia nikijua ni balaa. Nikamkuta amepiga magoti mbele ya kioo. Vidole vilikuwa vimetoka, kwenye matawi yote yaliyosalia. Akanionyesha kigoda cha kaka nikikalie, akaenda kuleta kahawa.

Bi Mwanamvua alirudi eda ilipokaribia kwisha, maana ujirani haususwi milele. Safari hii hakuja na sinia. Salha akamkalisha mbele ya tangi, akamweleza yote. Sasa mjue, bibi huyu alikuwa na mwanawe, Kombo, jitu zima lenye ndevu, analala mpaka jua la utosi. Kila asubuhi sisi wa upande wa pili wa ukuta tulimsikia mama akimgombeza kwa uvivu wake, na katikati ya magombezo tukasikia kikombe kikiwekwa kando ya kitanda chake.

"Salha," akasema Bi Mwanamvua, "kumbe mwani haung'oki kwa mkono unaoulisha." Akainuka. "Naondoka. Kombo bado amelala, na chai yake nimemwekea kando ya kitanda."

Tukatega masikio ukutani. Hakugomba siku ile. Tulichosikia ni kikombe kikiondolewa.

Kombo akaenda kutafuta kazi, na kila alikokwenda alilalamika kuwa mama yake amemnyima chai kwa neno la mwani. Hivyo ndivyo mji ulivyolipata.

Salha naye amekwisha kwenda, Mungu amrehemu, na lile tangi halipo. Nyumba ina watu wengine. Nilipita mwaka jana nikachungulia. Alama ya chumvi bado iko ukutani, rangi imeshindwa kuifunika. Nilisimama nikisubiri kusikia pampu, mtu mzima mimi.

Basi mkilitumia neno hilo, msilitumie kumsimanga mtu kama alivyofanya baba yenu, nami nitamwambia. Mkono ule ulikuwa ukilisha kwa mapenzi, ndiyo maana kuufumba kuliuma kuliko kung'oa. Lakini ilibidi ufumbwe. Mwani haung'oki kwa mkono unaoulisha.