Jasho la Mtungi

Kiangazi cha mwaka 1958, katika shule yetu ya Ugogo, ndipo ilipozaliwa methali mliyoisikia leo, wajukuu zangu: mtungi usiotoa jasho haupozi maji. Kaeni wima, niwaeleze ilivyoanza.

Mwalimu Chidosa alichukua mitungi miwili kwa mfinyanzi, mama yake Sechelela, msichana wa darasa letu. Kwa desturi yetu, mtungi hulipwa kwa mtama wa kuujaza. Lakini mwalimu alipoona mitungi imelowa nje, alikataa kulipa.

"Mama yako amenipa mitungi inayovuja," alimwambia Sechelela mbele yetu sote. Kisha akaupaka mmoja rangi ya mafuta, ukang'aa kama kiatu cha bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba, na ghala la kina Sechelela lilikuwa tupu. Sechelela akasimama.

"Mwalimu, naomba tupime."

"Unipime mimi?"

"Si wewe, Mwalimu. Mitungi."

Tuliangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alificha tabasamu. "Haya, pimeni. Mimi sitasema neno."

Asubuhi tulitia vibaba ishirini vya maji katika kila mtungi, tukaiweka juu ya mafiga, kivulini penye upepo. Tulibishana kama tuifunike. Tukaifunika yote miwili, usije mmoja ukaonewa. Alasiri tukapima. Uliopakwa rangi: ishirini kamili, maji vuguvugu. Usiopakwa: kumi na tisa, maji baridi hata meno yakauma.

"Umevuja kibaba kizima!" Malogo, mwenzetu darasani, alimcheka Sechelela. "Peleka habari kwa mama!"

Sechelela alipapasa chini ya mafiga. "Mbona vumbi ni kavu? Maji hayakudondoka, Malogo. Yamekwenda na upepo, yakaondoka na joto."

Mwalimu aliinama, akaligusa vumbi lile. Hakuinuka upesi.

Jumamosi alikwenda kwa mfinyanzi, amebeba begani mtungi uliopakwa rangi, umejaa mtama hadi ukingoni. Sisi tulimfuata na mtama wa mtungi wa pili.

"Nilikuvunjia heshima, mama. Pokea haki yako."

Mama aliitazama rangi, akatikisa kichwa. "Huu umeuharibu, Mwalimu. Mtungi usiotoa jasho haupozi maji."

"Kweli, mama. Na watoto hawa nao nilikuwa nikiwapaka rangi: nikiwapa majibu, wasitoe jasho lao."

Akauinamisha mtungi, akamimina mtama ghalani mpaka punje ya mwisho.